Maswali Yenu: Nchi Ipi Imeendelea, na Nani Kapima?

Mwezi huu meseji zimemiminika, na nyingi zimetoka Kusini, Lindi na Mtwara, zote zinazunguka palepale: kwa nini nchi ile inaitwa imeendelea na yetu inaitwa bado, na hao wanaopima wanapima nini hasa. Nimechagua chache. Nimezifupisha maana kuna wengine mmeandika insha kabisa.

Shikamoo mwalimu. Mi naendesha boda hapa Lindi mjini. Mwaka 2020 tuliambiwa Tanzania tumeingia uchumi wa kati, watu wakashangilia. Mpaka leo naendesha boda ya mtu, jioni napeleka hesabu. Huo uchumi wa kati ulipita njia gani mbona sikuuona? – Boda wa Lindi

Marahaba kijana wangu. Hukuuona kwa sababu haikuwa hela inayokuja, ilikuwa ni nchi kuhamishwa kutoka kwenye karatasi moja kwenda karatasi nyingine. Kila tarehe 1 Julai Benki ya Dunia inapanga nchi kwenye makundi manne, inachukua pato la taifa zima la mwaka uliopita, inaligeuza liwe dola, halafu inagawa kwa idadi ya watu wote, wewe, mimi, kichanga aliyezaliwa jana na bilionea wa Masaki. Ile Julai 2020 tulionekana tuna dola 1,080 kwa kichwa, na mstari wa kuvuka ulikuwa 1,036. Kwahiyo tulivuka kwa dola 44, basi, hakuna kingine kilichotokea siku ile.

Na kundi lenyewe ni pana mno. Kwa mistari ya Julai 2025 uchumi wa kati wa chini unaanzia dola 1,136 unaishia 4,495, yani wa mwanzo na wa mwisho wamepishana karibu mara nne na wote wanaitwa jina moja. Jirani zetu Zambia walishushwa kwenda kipato cha chini 2022, mwaka uliofuata wakarudishwa juu, na sidhani kama kuna mtu Lusaka alilala tajiri akaamka maskini. Thamani ya hela ya nchi ikiyumba mbele ya dola, jina linaweza kubadilika hata kama watu wanakula kilekile.

We mtu wa Lindi, korosho unaijua. Mnada ukifungwa redioni wanatangaza bei ya juu na bei ya chini, mtu wa Dar akiisikia ile ya juu anasema aah watu wa Kusini mwaka huu wamepiga hela. Haulizi mkulima ana kilo ngapi, haulizi makato ya kwenye malipo, haulizi nani alishauza kangomba, yani kwa mlanguzi nje ya mnada, korosho ikiwa bado ni maua mtini kwa sababu mtoto alikuwa anaumwa. Pato la kichwa ni namna ile ile, linakwambia bei ya ghalani halikwambii nani kaondoka na nini. Ndo maana wanaopima wana kipimo kingine kinaitwa Gini, kinaanzia 0 ambapo wote mna sawa mpaka 100 ambapo mmoja kachukua vyote. Tanzania kwa takwimu za 2018 tuko 40.5, Afrika Kusini kwa za 2014 wako 63, ndo juu kuliko karibu kila mtu duniani, na wenyewe ni matajiri kuliko sisi kwa mbali.

Nikuongezee cha kukuchanganya. Umoja wa Mataifa nao una orodha yake, ya nchi zenye maendeleo duni, ilianza 1971, na humo bado tumo. Kwahiyo kwa wakati mmoja sisi ni uchumi wa kati na nchi yenye maendeleo duni. Hakuna aliyekosea, ni kwamba wa pili hawaangalii hela peke yake, wanaangalia pia afya na elimu ya watu na jinsi nchi inavyotikisika mvua isiponyesha au bei ya zao ikianguka. Botswana ndo walikuwa wa kwanza kutoka kwenye orodha ile, mwaka 1994.

Mwalimu, mdogo wangu yuko Uingereza ananiambia analipwa hela ambayo mimi nikiipiga kwa shilingi naona kizunguzungu, lakini kila siku analia hana hela. Mimi nauza chakula hapa Mtwara sahani elfu tatu. Nani ana maisha kati yetu? – Mama Ntilie, Mtwara

Dada yangu, kosa ni hiyo kupiga kwa shilingi. Chukua kunyoa nywele tu. Kijana wa hapo karibu na stendi ananyoa kwa 2,000 au 3,000, London kinyozi anaweza kukuchaji pauni 15, hiyo ni kama 50,000 hivi. Kichwa ni kilekile, mashine ileile. Sasa ukichukua mapato ya vinyozi wote wa Uingereza ukayageuza kwa bei ya kubadilishia fedha utaona wametushinda kazi mara ishirini, wakati wamenyoa vichwa vilevile.

Ndo kilichofanya wataalamu watafute njia ya kulinganisha uwezo wa hela kununua. Kuna mpango wa dunia nzima wa kulinganisha bei, unaratibiwa na Benki ya Dunia, watu wanapita kwenye masoko ya nchi mbalimbali wanachukua bei za mchele, kodi ya nyumba, nauli, dawa, halafu wanatengeneza dola ya kufikirika ambayo inanunua kitu kilekile kila mahali. Kwa dola hiyo shilingi yetu inaonekana ina nguvu kuliko bureau wanavyokupa. Matokeo ya bei za 2021 yalitoka 2024, na kwa hesabu hiyo uchumi wa China ni mkubwa kuliko wa Marekani, ila ukitumia bei ya kawaida ya kubadilishia fedha Marekani bado wako mbele. Hapo ndo watu wa mitandaoni wanapigana kila siku nani mkubwa, kumbe kila mmoja kashika hesabu tofauti.

Na ukisikia mtu anasema maskini wa kutupwa ni yule anayeishi chini ya dola 3 kwa siku, kiwango kilichoanza Juni 2025, zamani kilikuwa 2.15 na kabla yake 1.90, ujue ni hiyo dola ya kufikirika, usikimbilie kuzidisha mara bei ya bureau. Serikali yetu yenyewe ina mstari wake wa shilingi, kwenye utafiti wa bajeti ya kaya wa 2017/18 ulikuwa 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na walio chini yake walikuwa asilimia 26.4. Hebu fikiria 49,320 kwa mwezi, sahani zako kumi na sita tu hizo na chenji.

Nani ana maisha kati yenu? Mdogo wako ana hospitali ya karibu na barabara haikatiki, we una uwanja na watoto wa jirani wanakusaidia kubeba masufuria. Kwa hela tu yeye kakuzidi, ila sio kwa kiasi unachokiona kwenye kikokotoo cha simu.

Hizi takwimu si wanapika tu ofisini? – Msomaji, Nachingwea

Kupika wapo waliopika duniani, sikatai. Ila mara nyingi tatizo ni uzee wa kipimo. Nigeria mwaka 2014 walibadili mwaka wa kuanzia hesabu, wakaingiza simu, filamu na biashara ambazo hesabu ya zamani haikuzijua, uchumi ukaongezeka asilimia 89 kwa siku moja wakaipita Afrika Kusini. Ghana 2010 ilikuwa asilimia 60 hivi. Hakuna kiwanda kilichojengwa usiku ule. Kwahiyo ukiona nchi imeruka ghafla uliza kwanza kama wamebadili huo mwaka wa kuanzia hesabu, sisi wenyewe sasa hivi tunatumia 2015.

Mwalimu mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano Masasi. Tumeandikishwa kwamba HDI, yani kipimo cha maendeleo ya binadamu, ni kipimo bora kuliko pato la taifa, nimekariri lakini sijaelewa kwa nini bora. – Mwanafunzi

Vizuri umeuliza, kukariri bila kuelewa kunakuangusha pale mtihani ukigeuzwa swali kidogo.

Anza nyuma kidogo. Simon Kuznets ndiye aliyewatengenezea Wamarekani hesabu ya pato la taifa, mwaka 1934 akaipeleka bungeni kwao, na kwenye ripoti ileile akawaonya kwamba ustawi wa watu hauwezi kujulikana kwa kuangalia pato la taifa peke yake. Wakachukua namba wakaacha onyo. Ikaenda hivyo miaka hamsini na kitu mpaka Mahbub ul Haq, mchumi wa Pakistan aliyewahi kuwa waziri wa fedha, akiwa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, akashirikiana na wenzake akiwemo Amartya Sen wa India, wakatoa ripoti ya kwanza ya maendeleo ya binadamu mwaka 1990. Sen mwenyewe inajulikana alisitasita, aliona kubana maisha ya watu kwenye namba moja ni uchafu. Haq akasema namba moja inahitajika, chafu kama pato la taifa lakini isiyofumba macho.

Ndani ya HDI kuna mambo matatu. Umri ambao mtoto anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi, hapo chini kabisa ni miaka 20 na juu ni 85. Elimu, nusu ni miaka ambayo watu wazima wamesoma na nusu ni miaka ambayo mtoto anayeanza leo anatarajiwa kusoma. Na pato kwa kichwa kwa ile dola ya kufikirika niliyomwambia Mama Ntilie, kuanzia 100 mpaka 75,000. Kila kimoja kinageuzwa kuwa namba kati ya 0 na 1. Zamani walikuwa wanajumlisha wanagawa kwa tatu, tangu 2010 wanazidisha tatu zile wanatafuta kipeuo cha tatu, na hapa ndo usikilize vizuri: ukizidisha huwezi kuficha kirahisi ubovu wa upande mmoja kwa uzuri wa upande mwingine. Nchi yenye mafuta mengi na shule mbovu inaadhibiwa.

Mfano wa mtihani ni Guinea ya Ikweta. Walipata mafuta miaka ya 90, pato la kichwa likapaa, mwaka 2017 wakatolewa kwenye ile orodha ya maendeleo duni kwa kigezo cha hela peke yake huku upande wa afya na elimu hawajafika. Halafu weka Cuba pembeni, hela hawana, lakini watu wao wanaishi umri unaokaribiana na wa Wamarekani. Pato la taifa peke yake lingekwambia vingine kabisa.

Ila usiandike kwamba HDI ni bora, nukta. Nayo ni wastani. Haijui kama miaka ile ya shule mtoto alisoma au alikaa, haijui usalama, haijui kama msichana na mvulana wamepata sawa. Ripoti ya 2025 imeweka Iceland juu na Sudan Kusini mwisho, hapo hakuna ubishi, ubishi uko katikati ambapo nchi zinapishana kwa namba ya tatu baada ya nukta na magazeti yanaandika tumeipiku nchi fulani.

Kijana wangu, gesi inatoka huku kwetu, taa zinawaka Dar es Salaam. Kwenye hayo mahesabu ya maendeleo ya nchi sisi tumehesabiwa wapi? – Mzee wa Msimbati

Shikamoo mzee wangu. Swali lako lina mambo mawili na yote machungu kidogo.

La kwanza, gesi ikitoka ardhini pale Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, thamani yake inaingia kwenye pato la Mtwara kama uchimbaji. Ikishasafiri kwenye lile bomba la 2015 mpaka Kinyerezi ikawa umeme, ile thamani iliyoongezeka inaandikwa Dar. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inatoa pato la kila mkoa, kwahiyo kwenye karatasi mkoa wetu unaweza kuonekana una hela za kisima huku kijiji kinachotazamana na kisima hakijashika hata senti zaidi ya ushuru wa huduma unaopita halmashauri. Yale ya Mei 2013, zile ghasia za Mtwara za kupinga bomba la gesi, wote tunayakumbuka, sina haja ya kuyarudia.

La pili, kuna pato linalozalishwa ndani ya mipaka na kuna pato linalobaki mikononi mwa wenye nchi. Kampuni ya nje ikichimba ikapata faida ikaipeleka kwao, faida ile imo kwenye hesabu ya kwanza haimo kwenye ya pili. Na hii sio shida ya Afrika tu. Ireland mwaka 2015 uchumi wao ulitangazwa umekua asilimia 26 kwa mwaka mmoja, kisa kampuni kubwa za kigeni zimehamishia mali zao za hakimiliki kwenye vitabu vya Ireland. Watu wakacheka dunia nzima, na ofisi yao ya takwimu ikaona aibu ikatengeneza kipimo kingine cha kuondoa hizo hela za kupita njia. Kwahiyo mzee ukiambiwa nchi yenye gesi imekua, uliza ni hesabu ipi kati ya hizo mbili.

Tena hesabu ya pato haijali kama kitu kimefaa. We mzee unaweza kuwa unakumbuka au ulisimuliwa na baba yako habari za karanga za Nachingwea, Waingereza wakaleta matrekta, wakajenga reli na bandari ya Mtwara, kuanzia 1947 mpaka walipouacha mradi 1951 wameteketeza kama pauni milioni 36. Kwa kipimo cha matumizi ile ni shughuli kubwa ya kiuchumi. Karanga hazikuota za maana, reli ikaja kung'olewa. Au juzijuzi Mei 2024, mvua na kile kimbunga Hidaya vilipokata barabara pale Somanga tukakaa bila njia ya Dar, kurudishia barabara kunaingia kwenye pato kama ujenzi, nyanya zilizooza kwenye malori haziingii kama hasara mahali popote.

Mi navuka Ruvuma kufanya biashara. Ng'ambo ni Wamakonde wenzetu, lugha moja, ngoma moja, lakini maisha yao magumu kuliko yetu. Ardhi ileile, watu walewale, tofauti imetoka wapi? – Mfanyabiashara, Nanyumbu

Kaka, hapo unapovuka Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja la 2010 unavuka historia mbili. Sisi tulipata uhuru 1961 bila vita. Wao Msumbiji walianza kupigana 1964, na wapiganaji wengi walifundishwa hapahapa Nachingwea, wakapata uhuru 1975, miaka miwili tu vita vingine ndani kwa ndani mpaka 1992. Hesabu watoto waliokosa shule miaka ile yote, leo ndo wazazi. Halafu tangu Oktoba 2017 mkoa wao wa mpakani, Cabo Delgado, unaungua tena kwa vita, na ule mradi mkubwa wa gesi wa Afungi ukasimama 2021.

Kwenye HDI Msumbiji iko chini yetu, lakini namba ile ni ya nchi nzima. Mueda, mji wa huko Cabo Delgado, iko karibu na Dar kuliko Maputo. Mimi naona ukitaka kumuelewa mtu wa Mueda namba ya Msumbiji haikusaidii sana, na ukitaka kumuelewa mtu wa Mangaka hapo kwenu Nanyumbu namba ya Tanzania haikusaidii sana pia, na hizo biashara zenu za madumu na magunia zinazovuka mtoni usiku hazimo kwenye namba ya yeyote.

Mwalimu mimi nipo kijijini Newala. Kiangazi maji nafuata kwenda na kurudi zaidi ya saa nzima. Napikia kuni, sakafu ya udongo. Umeme tunao, choo kizuri tunacho cha kwetu wenyewe, simu na redio zipo. Mimi nimemaliza la saba. Hatujafiwa na mtoto, hakuna aliyedhoofu kwa njaa. Mwanangu wa miaka 12 ameacha shule. Kwa vipimo vyenu mimi ni maskini? – Mama wa Newala

Mama, hakuna aliyeniandikia vizuri kama wewe, umenipa kila kitu.

Kwanza hayo maji. Pato la taifa linaweza lisikuone ukiwa njiani na ndoo. Mihogo uliyolima ukaila mwenyewe wanajitahidi kuikadiria wanaiingiza, lakini kazi ya kujichotea maji mara nyingi haihesabiwi ipasavyo. Ukinunua dumu kwa kijana wa baiskeli, hapohapo uchumi wa nchi umekua. Mwanamke wa Newala anaweza kumaliza robo ya mchana kwenye maji na kitaifa akaonekana amekaa tu.

Kipimo kinachokuona ni cha umaskini wa pande nyingi, kimeanza 2010, Chuo Kikuu cha Oxford na UNDP. Hakiulizi hela kabisa. Kina vitu kumi, afya na elimu vina viwili viwili, maisha ya nyumbani vina sita. Tufanye kwa alama 18 iwe rahisi. Kila kitu cha afya au elimu ukikikosa ni alama 3, kila cha nyumbani ni alama 1. Ukifika 6 kati ya 18, yani theluthi, kaya yako inahesabiwa maskini.

Maji: wanataka yawe safi na yasizidi dakika 30 kwenda na kurudi, umezidi, alama 1. Kuni, alama 1. Sakafu ya udongo, alama 1. Umeme, choo, simu na redio umepona. Afya umepona pande zote mbili. Elimu, kwenye kaya yupo aliyesoma angalau miaka sita, ni wewe, umepona. Mtoto wa umri wa shule hayuko shuleni, alama 3.

Jumla 6. Ndiyo mama, umo, umegusa mstari palepale.

Sasa angalia kinachofuata. Huyo kijana akirudi darasani Januari unashuka mpaka 3, unatoka kwenye hesabu ya maskini kabisa, na maji yako palepale yalipo. Kwa hiyo mrudishe mtoto shule, na mkutano wa kijiji ukiitishwa usikubali mtu akwambie takwimu zinaonyesha kaya yako iko vizuri, mtajie dakika za kwenda na kurudi.